Nilimshuku Shemeji kwa Sababu ya Buick

Nimekosa, jamani, na sina wa kumlaumu ila mdomo wangu!

Binti yetu amechumbiwa, nami nikataka siku ya harusi abebwe kwa gari la Kimarekani, yale marefu ya zamani. Nikapata mawili kwa mzee mmoja Mhindi huko Neasden, hapa London, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kizuri kuliko cha watoto wangu. Chevrolet ya bluu iling'aa. Buick ya rangi ya maziwa ilikuwa imechujuka, viti vimepasuka.

Nilikwenda na kaka wa mke wangu, anayejua magari. Akalala chini na tochi yangu, akachungulia yote mawili, akainuka akijipangusa.

"Shem, chukua Buick. Hii ya bluu imepakwa rangi juu ya kutu."

Mbona anang'ang'ania ile chakavu? Nikaanza kumchunguza. Mara akamvuta yule mzee kando, wakanong'ona, wakacheka! Mnajua kwetu Kenya: anayekupeleka kununua gari ana cha juu chake. Damu ikanichemka.

"Anakupa ngapi huyu?" nikamuuliza mbele ya mzee.

Akanitazama. "Mimi, shem?" Akanirudishia tochi yangu, akaenda kutafuta basi.

Nikanunua ya bluu, kwa hasira! Wiki haikuisha, sakafu ikatoboka chini ya mguu wangu.

Nilipompigia mzee kulalamika, akaguna. "Bwana, shemeji yako aliniomba nisikwambie. Alitaka kuipaka Buick rangi nyeupe na kushona viti kwa pesa yake, iwe zawadi kwa mpwa wake."

Mnajua nilifikiri nini kwanza? Kwamba wamepanga uongo pamoja! Ndivyo moyo wangu ulivyooza.

Wakwe walipokuja kwetu Thornton Heath kuleta mahari, kiti cha mjomba kilikuwa wazi. Kwetu mjomba asipopokea, hakuna anayepokea. Mzee wao akauliza aliko. Nikasema yuko kazini.

Binti yangu, ambaye humjibu kila mtu kwa Kiingereza, siku hiyo akasema kwa Kiswahili, wote wakisikia: "Baba, waambie ukweli."

Niliwaambia. Wakakusanya vitu vyao, wakasema watarudi mjomba akipatikana.

Shemeji hachukui simu yangu. Wewe unayekwenda kununua gari na ndugu yako, nakusihi, kagua gari tu, ndugu mwache! Binti yangu bado anasubiri, na mimi hanisemeshi.