Walinzi Wawili wa Kompyuta Moja

Mume wangu ni fundi wa vitasa, na mke wa fundi wa vitasa ni mke wa kusimama mlangoni. Nikirudi kutoka sokoni mikono imejaa, nafungua kitasa cha juu, nafungua cha chini, kisha napenyeza mkono kwenye nondo nilitoe komeo, na mvua inanipiga mgongoni. Nikilalamika ananiambia, "Ukiona wewe mwenye funguo umechoka, mwizi je?" Miaka ishirini na sita nasikia neno hilo hilo. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi pia namwita Fundi, ila langu huwa na hasira kidogo ndani yake.

Kazi anaifanyia kwenye chumba cha mbele. Kuna benchi, makopo ya skrubu, mashine kubwa ya kuchonga funguo na nyingine ndogo ya betri anayoifunga kwenye pikipiki. Kila akimfungia mteja kitasa kipya, huandika namba ya meno ya ufunguo wake: tarakimu sita zinazoeleza kila jino limekatwa kina gani. Ukiwa na namba hiyo na kipande cha shaba, unachonga ufunguo bila kuuona ule wa kwanza. Mteja akipoteza wake, anapata mwingine chai yake haijapoa.

Ubaya ni kwamba mwenye namba ana nyumba. Nyumba mia tatu na kumi na mbili za watu, pamoja na majina yao, namba za simu, aina ya kitasa na wanapokaa, zilikuwa kwenye madaftari manne yaliyoliwa na unyevu. Binti yetu, kabla hajaenda kufanya kazi mbali, aliyaingiza yote kwenye kompyuta ya nyumbani. Akatengeneza na kitufe cha kutafutia: unaandika jina, unabonyeza, namba inatokea. Akamsihi baba yake waweke nakala mahali pengine. Fundi akakataa katakata. "Nakala ni ufunguo wa pili," alisema, "na unaoibwa siku zote ni wa pili." Siku hiyo hiyo alichoma madaftari uani, akayasimamia mpaka majivu yakapoa.

Basi orodha ikabaki moja tu duniani, ndani ya kompyuta iliyo kati ya kabati la vyombo na dirisha la sebule.

Tuliishi hivyo kwa amani hadi mpiga picha wa mtaa wa pili alipoamka akakuta picha zake zote za kwenye kompyuta zimefungwa na watu asiowajua, wanadai fedha ndipo wazifungue. Fundi alikwenda kumpa pole, akarudi hana rangi. Wiki ile ile, programu ya kuzuia virusi tuliyouziwa pamoja na kompyuta ikaisha muda wake. Pembeni mwa skrini likatokea dirisha jekundu: kompyuta yako haina ulinzi. Unalifunga, linarudi. Fundi alikuwa akiingia sebuleni analitazama kama mtu anayetazama mlango uliokutwa wazi.

"Ziko za bure," nikamwambia. "Nzuri tu. Hata mwalimu wa kompyuta wa shule anatumia ya bure."

"Anayekupa kitasa bure," akaniuliza, "amebaki na funguo ngapi?"

Hapo nikajua tumekwisha.

Tulikaa jioni tatu mbele ya kompyuta ile, mimi nasoma, yeye ameshika kalamu na kipande cha boksi alichoandikia maswali yake. Nani kaitengeneza? Anakula nini kama humlipi? Anataka kujua nini kwangu? Jioni ya kwanza alifukuza programu tano. Moja, yenye alama ya jicho, ilitaka ruhusa ya kuona kila ukurasa unaofungua. "Huyo si mlinzi," alisema, "huyo ni mmbea kapewa kiti." Nyingine ilidai imeshaona virusi arobaini na saba kwenye kompyuta yetu kabla hata hatujaiweka. Hiyo niliifukuza mimi.

Zikabaki mbili. Ya ngao ya bluu ilikuwa kimya, haina matangazo, na watu wanaozipima programu hizi walikuwa wameisifu. Ya mwavuli ilikuwa na makelele, kila mara inakushawishi ununue kubwa yake, lakini ilisemekana ni kali kuliko zote kwa wale wanaofunga mafaili ya watu. Tukampigia binti yetu.

"Baba, chagua moja tu," alisema. "Moja. Na kompyuta yenyewe ina ya kwake ya ndani, si mbaya."

"Kitasa kilichokuja na mlango ndicho cha kwanza kubadilishwa," akamjibu.

"Haya, weka Ngao. Lakini moja, Baba. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Alimsikia kweli, na asubuhi yake nilipokwenda kliniki kupima presha, akaziweka zote mbili. Ngao akaifunga kwa nenosiri ili mtu asiweze kuizima. Niliporudi alikuwa amekaa mbele ya skrini ametulia, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nikamuuliza kwa nini mbili. Akanionyesha mlango wetu wa mbele kwa kidole. Sikubishana naye. Presha yangu nilikuwa nimetoka kuipima, na sikutaka kurudi kuipima tena.

Siku ya pili kompyuta ikaanza kujikokota. Unabonyeza, unakwenda kukoroga chai, unarudi, ndiyo kwanza inafungua. Fundi alisema mlinzi mzuri humkagua kila mtu. Hakujua kwamba walinzi wale walikuwa wanakaguana wao kwa wao, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye jambazi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu yake ikalia. Nilikuwa napanga vyombo kabatini, nikasikia sauti ya mwanamke ikipiga kelele mpaka nje ya simu.

Alikuwa ametoka kumwaga takataka, ghorofa ya tatu, hatua kumi tu. Upepo ukaupiga mlango, na kitasa kile ni cha kujifunga chenyewe. Ufunguo uko ndani. Mtoto wake wa mwaka na nusu yuko ndani. Jikoni kuna sufuria ya maharage iko motoni. Madirisha yana nondo. Majirani wameshajaribu mtaimbo, mlango hautikisiki.

"Hautatikisika," Fundi alisema, na uso wake ukabadilika. "Niliuweka mimi."

Akavaa viatu bila soksi. "Nakwenda na mashine. Nikifika uwe umeshaifungua orodha, unisomee namba. Kitasa chake nimekiwekea bamba la chuma kigumu. Nikisema nikitoboe, ni nusu saa au zaidi." Pikipiki ikanguruma, akaondoka.

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikafungua mahali orodha inapokaa. Haikuwepo.

Niliogopa, nisidanganye. Nilitafuta kwenye picha, kwenye barua za binti yetu, kwenye pipa la takataka la kompyuta. Mshale ulikuwa unasogea, unasimama, unasogea. Mara skrini yote ikaganda. Nikaizima kwa kidole, nikaiwasha upya, na dakika zile za kusubiri iamke sitazisahau. Nilikuwa naona moshi ambao haukuwa nyumbani kwangu.

Simu ikalia. Ni yeye, anahema ngazini. "Nipe."

"Orodha haipo."

"Haipo vipi?"

"Subiri!"

Kompyuta ikaamka, na Mwavuli ukatokea na dirisha lake la manjano, unajisifu: tumelizuia faili moja lenye hatari na kuliweka kando. Nikasoma jina la faili. Ilikuwa orodha yetu. Kitufe alichokitengeneza binti yetu ndicho Mwavuli ulichokitilia shaka, ukaona kitu kinachojiendesha chenyewe, ukakifungia. Chini paliandikwa: rudisha. Nikabonyeza rudisha.

Likatokea dirisha la Ngao, la bluu: programu isiyoaminika inajaribu kubadilisha mafaili yako. Imezuiwa.

Nikabonyeza tena. Imezuiwa. Mara ya tatu, imezuiwa. Mmoja ameshika orodha hataki kuiachia, mwingine anamkatalia asiipitishe. Huku kwenye simu nasikia msumeno wa umeme, hapana, keekee yake ya kutobolea, ikilia juu ya chuma, na nyuma yake mwanamke anapiga kelele kwamba moshi unatoka chini ya mlango, anaita jina la utani la mwanawe, anamwambia kaa chini mama, kaa chini.

Nikajaribu kuizima Ngao. Ikadai nenosiri.

"Fundi! Paswedi ya Ngao!"

Keekee ikanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Fundi!"

"Kuna watu hapa," akasema kwa sauti ya chini.

Ndugu zangu, nilimchukia mume wangu. Nasema nilivyohisi. Kwa miaka ishirini na sita sijawahi kumsikia mtu huyu akitamka namba au nenosiri mbele za watu. Hata ya simu yake huiandika ameugeukia ukuta. Na sasa moshi unatoka chini ya mlango wa watu, yeye anatazama nani yuko karibu.

"Mtoto wa watu anakufa!" nikapiga kelele. "Sema sasa hivi!"

Akasema. Lilikuwa jina nililotaniwa utotoni nilipokuwa sina meno ya mbele, Kibogoyo, na mwaka tuliooana. Alilitamka kwa sauti kubwa, herufi kwa herufi, mbele ya jengo zima. Hakuna aliyecheka. Nikaliandika kwa haraka, nikakosea mara ya kwanza. Mara ya pili ikakubali. Ikaniuliza, una uhakika unataka kuondoa ulinzi? Nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza tena. Nikabonyeza ndiyo kwa ngumi.

Rudisha. Orodha ikatokea. Nikaandika jina la yule mwanamke, nikabonyeza kitufe, na namba ikaja.

"Nne, moja, sita, mbili, tano, tatu."

"Rudia."

"Nne. Moja. Sita. Mbili. Tano. Tatu."

Nikasikia mashine ndogo ikiwaka. Kila jino lina mlio wake, unapanda na kushuka, na nilihesabu: moja, mbili, tatu. Mtu akakohoa karibu na simu. Nne. Yule mwanamke alikuwa haiti tena, na ukimya wake ulinitisha kuliko kelele zake. Tano, sita. Kisha chuma ndani ya chuma, mlango, vishindo vya miguu, kila mtu akisema kwa pamoja. Nilibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Nikamsikia mtoto akikohoa, na baada ya kukohoa akalia kwa nguvu, kilio kirefu cha hasira.

Nikalaza kichwa juu ya meza.

Alirudi saa saba. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwambia, tena nimeyapanga vizuri, nikianza na madaftari aliyoyachoma, nakala aliyoikataa, binti aliyemwambia moja na akatia mbili. Nilitaka ayasikie yote amesimama. Akaingia, hakuvua viatu, akakaa kwenye kiti cha kompyuta, mikono ameiweka juu ya magoti kama mgeni. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa moshi.

"Mzima?" nikamuuliza.

"Mzima. Daktari wa zahanati amesema kifua ni safi." Akatazama mikono yake. "Alikuwa nyuma ya mlango."

"Nani?"

"Mtoto. Muda wote ule. Alikuwa amesimama pale pale, ana kijiko, anagonga. Mimi nikadhani ni mwangwi wa kazi yangu." Akapima kwa kiganja, kidole gumba mpaka kidole kidogo. "Kichwa chake kilikuwa shubiri moja chini ya kitasa. Na mimi natoboa."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakanipotea. Nikamletea maji, hakuyanywa.

"Tangu naanza kazi hii nikiwa kijana," akasema, "nawaza mtu aliye nje. Atakuja na nini, atakata wapi, nitamchelewesha kwa dakika ngapi. Yule mama aliponiita, aliniambia ana mtoto mchanga, anaogopa, anataka mlango usiofunguka. Nikafurahi. Nikampa mlango usiofunguka."

Akasogeza maji pembeni. Kisha akaniambia niondoe Mwavuli, ibaki Ngao peke yake, na nimtumie binti yetu nakala ya orodha leo hii. Nikafanya vyote viwili. Kompyuta ikaanza kwenda vizuri palepale, na wala hakuigeukia.

"Sasa nitolee wote niliowafungia kitasa cha kujifunga chenyewe," akasema.

Walikuwa arobaini na mmoja. Nikamwandikia majina na namba za simu. Alipiga ya kwanza akiwa bado na viatu vyake bila soksi, na hakuugeukia ukuta.

"Shikamoo mama," alisema. "Ni mimi, fundi wako wa mlango. Hapana, hakuna tatizo. Nina swali nililopaswa kukuuliza siku ile nilipokuja kufunga." Akatazama vidole vyake vyeusi. "Ukitoka, mama, nani hubaki ndani?"