Mgeni Njoo, Mwenyeji Asindikize

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya moyo wa kaka yangu Kosmas. Wengi wenu hapa kijijini mlikwishasikia habari zake: kwamba alianguka kazini machinjioni Vingunguti, kifua kikimbana, na shirika lake likampeleka Ulaya, ambako madaktari walichukua mshipa mguuni mwake wakaushona moyoni ili damu ipate pa kupita pale palipoziba. Alirudi Dar es Salaam akiwa hai. Lakini tangu arudi, tuliambiwa, hatoki kitandani. Ndipo baba mkubwa, aliyetulea sote wawili, akaniita.

“Editha,” alisema, “nenda kamlete. Mtu aliyeshonwa moyo hakai mjini. Aje alale kwao.”

Neno hilo, alale, lilinikaa vibaya, lakini sikumbishia mzee.

Alfajiri niliondoka Songea kwa basi, madirisha yametota umande. Njia ya Njombe ilikuwa ukungu mtupu. Milima ilijitokeza ikajificha tena, na watu waliosimama kando ya barabara na magunia yao walionekana kama wanaelea. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena, hata sikujua ni mashamba yapi niliyaona kwa macho na yapi niliyaota.

Iringa alipanda mama mmoja wa Kihehe mwenye kikapu cha mahindi ya kuchemsha. Alinitazama, akasikia lafudhi yangu, akaniambia nimpishe dirishani, kwani Mngoni hana haki ya dirisha katika nchi iliyomshinda vita. Nikamjibu kwamba ningempisha kama angeniahidi kutomla mbwa wa kondakta. Basi zima likacheka, naye akanipa hindi. Babu zetu walipigana mikuki. Sisi tumerithi utani, na katika utani hakuna ruhusa ya kukasirika.

Mikumi twiga walivuka barabara bila haraka na dereva akazima injini kuwasubiri. Katika ukimya ule nilimwona Kosmas waziwazi, kijana tena, akitembea mbele yangu kwenye nyasi ndefu bila kugeuka. Nilipofumbua macho machozi yalikuwa yamenitoka, na yule mama wa Kihehe alikuwa amenishika mkono bila kuniuliza kitu.

Temeke nilifika kesho yake asubuhi, jua limeshaanza kukaanga mabati. Mchanga wa njia zile ni laini, unameza miguu na sauti pia, mtu anakupita hujamsikia. Wifi yangu, Mama Fidesi, alinipokea mlangoni kwa vigelegele vya chinichini, vile vya nyumba yenye mgonjwa. Kosmas alikuwa amelala chali, mikono kifuani, akipumua kwa hadhari.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Usiniinamie, utanitikisa.”

Tulipobaki wawili alinieleza kilichomlaza. Hakikuwa maumivu. “Mie nimepasua mioyo ya ng'ombe tangu ujana, Editha. Naujua moyo ulivyo. Ni nyama. Na nyama ukishaikata haijiungi. Hawa wameshona kwa uzi tu. Siku nikisimama vizuri, uzi utaachia.”

Nani katika ukoo wetu amewahi kushika moyo mkononi zaidi yake?

Mchana kutwa waliingia watu kumpa pole: majirani, wachinjaji wenzake, watu wa kanisani. Kila mmoja alipoaga, Kosmas alijitia kuinua kichwa, na mgeni akamzuia kwa viganja viwili. “Usinyanyuke, bwana! Tulia, tulia.” Wema mtupu. Na kila wema ulimkandamiza kitandani zaidi, kama blanketi juu ya blanketi.

Alasiri nilisikia sauti uani: “Hodi humu kwa wala panya!” Nilikurupuka nikiwa tayari kugombana. Mlangoni alisimama nesi mfupi mwenye sare nyeupe, viatu vimejaa mchanga, na alipoongeza salamu ya “Kamwene” kwa Kihehe cha Iringa, hasira zote ziliniisha. Alikuwa mtani. Ndiye Sista Yustina wa zahanati, aliyekwenda kusomea ng'ambo kazi moja tu: kuwasimamisha tena watu waliotengenezwa moyo.

“Bado hujafa?” alimuuliza kaka yangu. “Nami nimeshapanga siku ya kuingia kaburini mwako, kama mtani, nilale humo mpaka ndugu zako wanikomboe kwa mbuzi. Ila mbuzi wenyewe siku hizi hawapatikani, kwa hiyo afadhali uamke.”

Kosmas alicheka, akashika kifua kwa hofu ya kule kucheka.

Sista akaketi ukingoni mwa kitanda na utani ukamtoka usoni. “Hofu yako ya uzi nimeshaisikia. Wale ng'ombe wako uliwapasua wakiwa wameshakufa, Kosmas. Maiti hashoneki. Hebu nionyeshe mguu.” Akampandishia suruali. Kovu lilishuka kutoka gotini hadi kifundoni, limefunga, linang'aa. “Mguu na moyo vilishonwa siku moja, na uzi wa huku hauna kazi tena, nyama imejishika. Mguu huu umeachia?”

Kaka yangu aliutazama mguu wake muda mrefu, kama mtu aliyeletewa kitu alichokwishakisahau.

“Kwenu Ungoni mgeni anaondokaje?” Sista aliuliza.

“Anasindikizwa.”

“Basi dawa yangu ndiyo hiyo. Kuanzia leo hakuna mgeni atakayetoka humu peke yake. Leo mlangoni. Ukizoea, mpaka kwenye mwarobaini. Halafu bombani. Na unamsindikiza ukizungumza. Ukiweza kusema neno lako likaisha bila kukatika, mwendo ni huo. Likikatika, simama, pumzi irudi. Kifua kikibana, kaa chini niitwe. Umesikia, mla panya?”

Jioni nilimfuata Sista njiani nikamwambia nilichotumwa. Alisimama. “Ukimchukua sasa, huko atalazwa kwa mapenzi yote. Mtaua mtu kwa uji na mto wa kulalia. Niachie. Siku akiweza kukusindikiza wewe hadi barabara kubwa, rudi peke yako. Akishindwa, mchukue, sitakuzuia.”

Nilikubali. Kama ningemwacha akafa, ningewatazamaje nyinyi?

Siku zilizofuata Temeke ilinipita kama usingizi wa mchana. Redio za majirani zilisoma habari kwa pamoja, ndoo zilipanga foleni bombani, na kaka yangu alitoka mlangoni na wageni wake, akishika ukuta, akifika mwarobaini, akirudi ametota jasho na macho yamechangamka. Wageni walijaribu kumzuia. Mama Fidesi akajifunza kuwajibu: “Mwacheni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Si mmekuja apone?”

Ijumaa moja baada ya sala Sista alimleta Bwana Gulamali, mfanyabiashara wa vitambaa anayekaa Kinondoni, Mhindi mwenye kofia ya duara na kovu kama la Kosmas chini ya shati. Naye alikuwa mgonjwa wa Sista. Walionyeshana vifua kama watoto wanaoonyeshana meno yaliyong'oka. Alipoaga, Kosmas alimsindikiza hadi bombani. Pale Bwana Gulamali akasita.

“Lakini bwana, wewe mgonjwa. Mimi nawezaje kukuacha urudi peke yako?” Akamrudisha mpaka mlangoni. Kosmas naye akaona si adabu, mgeni amekuja nyumbani mara mbili, lazima asindikizwe upya. Walikwenda wakarudi, wakazungumzia bei ya vitenge na watoto wao, hadi Sista, aliyekuwa amekaa kivulini akicheka kimyakimya, akasimama: “Inatosha nyie! Mtamaliza dawa yote leo!”

Usiku ule kaka yangu alilala kwa ubavu, mara ya kwanza tangu nifike.

Siku ya kuondoka kwangu ilifika. Niliaga. Kosmas alivaa shati lake jeupe na kandambili, akachukua mfuko wangu mdogo. Nilitaka kumnyang'anya, wifi akanikonyeza nisithubutu. Tulipita mwarobaini, tukapita bomba. Mbele ya hapo hakuwahi kufika. Alikuwa ananisimulia habari ya ng'ombe mmoja machinjioni, dume jeusi lililowahi kukata kamba.

“Likatokea langoni,” alisema, “likawa linakimbilia upande wa...”

Neno likakatika.

Alisimama. Nami nikasimama. Uso wake ulikuwa wa majivu, na kila kitu mwilini mwangu kilitaka kupiga kelele, kumbeba, kumrudisha kitandani, kumpandisha kwenye basi nimlete kwenu. Barabara kubwa ilionekana mwisho wa njia, lori limepita linatimua vumbi. Nilimuuliza kama kifua kinabana. Alitikisa kichwa: hapana. Basi nikakaza mikono yangu kwenye kanga na kusubiri. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutomgusa.

Mpita njia alitusalimia. Jogoo akavuka. Mabega ya kaka yangu yakapanda, yakashuka, yakatulia.

“...upande wa reli,” alisema, na akaanza kutembea tena.

Barabarani alinikabidhi mfuko, akanisimamishia basi la mjini kwa mkono wake mwenyewe. “Wasalimie wote,” alisema. “Mwambie baba mkubwa mie sina nafasi ya kuja kulala. Nina wageni.” Kwenye kioo cha nyuma nilimwona akigeuka, akiingia ile njia ya mchanga, kijana mmoja mwenye baiskeli akishuka kutembea naye, na kaka yangu akisema naye bila kukoma.

Songea niliingia mvua ikinyesha. Mlikuwa mmekusanyika, mnakumbuka, mkaangalia nyuma yangu kuona nani anashuka. Baba mkubwa aliuliza Kosmas yuko wapi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiandaa kusikia msiba.

Nilichojifunza katika safari hii ndicho nilichomjibu pale kwenye matope: “Ulinituma nikalete mgonjwa, baba. Nimefika, nikakaribishwa, nikalishwa, nikasindikizwa hadi barabarani. Mgonjwa sikumwona. Nimemwacha mwenyeji.”