Nguzo ya Bavon pale Maporomoko

Shemeji yangu Nephtali alitaka mume wangu apasuliwe mgongo, na si kwa huruma. Simpendi, sijawahi kumpenda, na sitaficha.

Mume wangu Bavon ni mvuvi wa maporomoko hapa Kisangani. Pale mtoni kila nguzo inayobeba mitego ni ya ukoo, na ya baba yao ilirithiwa na Bavon kwa kuwa ndiye mkubwa. Lakini mwenye nguzo asipoipanda kuvua msimu mzima, ndugu anayemfuata, kwetu ni Nephtali, anaichukua na haidaiwi tena. Ndiyo desturi yetu, sikuitunga mimi.

Mwezi wa tano Bavon aliinua mtego uliojaa maji, mgongo ukalia, maumivu yakateremka mpaka kisigino cha kushoto. Daktari Hélène alitazama picha, akatuambia diski moja ya uti wa mgongo imetoka mahali pake na inabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni.

"Papa Bavon, kwa sasa kupasua haiko lazima," alisema. "Batu mingi banaponaka bila operation. Wiki sita usiinue kitu ya buzito, utembee kidogo kidogo, unywe dawa. Lakini kama muguu inapoteza nguvu, ao mukojo inakatala kutoka, ao unasikia ganzi fasi ya kukalia, unakuja siku ile ile. Pale hatutangoja."

Nephtali alikuja jioni hiyo hiyo, akaketi bila kukaribishwa.

"Yaya, kubali bakupasue," alimwambia kaka yake. "Upumuzike mwaka muzima. Miye niko, nitaangalia mitego."

Tangu hapo Bavon aliiona operesheni kama mtego wa ndugu yake. Na mimi, mjinga, nikamshangilia. Nilipenda kumwona Nephtali akirudi kwake amenuna.

Wiki ya nne, Jumapili, Bavon alirudi kutoka kanisani na sandali moja.

"Ingine iko wapi?" nilimwuliza.

Akatazama chini. Hakujua. Kipande cha chupa kilikuwa kimemchana unyayo, damu inatoka, na hakusikia kitu. Nilimwambia ainue vidole vya mguu ule. Havikuinuka.

"Tangu siku gani?"

"Siku tano," alijibu. "Usiambie docteur. Nikilala kule, msimu unaisha, Nephtali anapanda."

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ile nilimchukia mume wangu kuliko nilivyowahi kumchukia ndugu yake. Siku tano alikuwa ananificha mguu unaokufa, kwa ajili ya mti uliosimama majini.

Nikaenda kwa Nephtali. Nikamkuta anakula.

"Nguzo iko yako," nilimwambia. "Panda kesho, usingoje msimu uishe. Lakini leo utatafuta taxi na utabeba yaya yako mpaka hôpital, maana anakatala kunifuata."

Alinawa mikono haraka mno. Walimwingiza Bavon garini yeye na jirani, Bavon akipiga ngumi mlango.

"Clothilde, umenitoa kwa hesabu ya batu," aliniambia.

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Sasa ni miezi saba. Nephtali anavua kwenye nguzo ile, ananiletea samaki, namrudishia. Bavon halali tena chumbani kwangu. Asubuhi anapita mbele yangu bila kunisalimu, akienda sokoni kwa miguu yake, na wa kushoto hauburuziki tena.