Modemu Haikupigiwa Hodi

Usiku ule nililala nimekasirika, na aliyenikasirisha ni kidubwasha kisichozidi kiganja. Ni kipimajoto cha friji ya chanjo, nilichokitengeneza kwa mikono yangu kwa ajili ya zahanati moja ya mlimani. Friji ikipata joto, kinatakiwa kimtumie nesi, Sista Anjela, ujumbe wa simu. Ndani yake kuna modemu yenye laini, na ili betri idumu nimeipangia ilale, iamke pale tu penye habari. Wiki mbili nyuma friji iliharibika, ujumbe haukutoka, chanjo zote zikamwagwa. Akina mama waliopanda mlima na watoto mgongoni wakarudishwa. Sista aliponiuliza, nilimjibu bila kupepesa macho, "Mtandao wa huko kwenu ni shida, Sista." Nilisema hivyo kabla hata sijakifungua. Nilipokileta mezani kikatuma kila nilipokiambia, nami nikazidi kuchukia.

Mimi si mtu wa kuamini ndoto. Naeleza nilichokiona tu.

Ni mchana, niko karakana. Mzee Kibwana, fundi aliyenifundisha kazi, tuliyemzika mwaka juzi, amekaa kwenye stuli yake anamenya waya kwa meno, tabia niliyomgombeza miaka yote. Najua amekufa, wala sishangai. Nampa shikamoo, haitikii. Anainuka, anatoka, namfuata, na mlango wa karakana unanitoa uani kwake.

Ameshaingia ndani. Nasukuma pazia, naingia huku nasema, kwa sababu nina haraka, "Mzee, friji ilipata joto, modemu haikutuma, sijui nifanye nini." Kumbe amelala mkekani. Anafumbua macho taratibu.

"Sijui nifanye nini," anarudia. "Kuhusu nini?"

Naanza tena, naye kashalala. Nasema yote, anaamka mwishoni, anashika maneno yale yale ya mkiani. Mara ya tatu nikapandisha sauti. Loo, nilimfokea marehemu!

"Rehema, umeingiaje kwa watu?"

"Nimeingia tu, Mzee."

"Toka."

Nikatoka. Nikasimama nje ya pazia nimenuna kama mtoto. "Hodi," nasema. Kimya. Nataka kuingia, miguu inakataa. Nikangoja, nikangoja, hadi sauti ikasema, "Karibu." Nikaingia, amekaa kitako, yu macho kabisa. Safari hii nikasema polepole, na hakupoteza hata neno.

Nikadhani yameisha. Lakini mkeka sasa ni benchi la zahanati, akina mama wamejipanga, na chini kuna ndoo imejaa vichupa vya chanjo. Mzee anaitazama ndoo.

"Yule nesi ulimwambia nini?"

"Mtandao."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akasema neno moja, "Mwambie." Nilitaka kumuuliza hali yake huko aliko, kwa maana nimemkumbuka sana, lakini benchi lilikuwa tupu.

Niliamka kumepambazuka. Sikunawa uso, nikafungua kompyuta nikasoma programu niliyoiandika mwenyewe. Kifaa changu kilikuwa kinaimiminia modemu amri nzima kwa mkupuo mmoja ingali imelala. Herufi za mwanzo ndizo zinazoiamsha, nazo hupotea. Inayofika ni amri iliyokatika kichwa, na modemu hainyanyui hata sikio. Mezani nilikuwa nakijaribu kila dakika, kwa hiyo haikupata nafasi ya kulala, na mimi nikaona kila kitu kizima. Mtu mzima na akili zangu!

Nikabadilisha mistari michache: kifaa kitume herufi moja, kingoje modemu iitike, ndipo kitoe amri. Nikakiacha saa nzima bila kukigusa, makusudi, kilale fofofo. Kisha nikakifumbata mkononi kipate joto. Simu yangu ikalia, ujumbe umefika mzima, tangu herufi ya kwanza.

Nilikaa na ile simu muda mrefu kabla ya kupiga.

"Sista, haukuwa mtandao. Kosa lilikuwa langu."

Nikamsikia akifunua kurasa za daftari.

"Kliniki ya watoto ni Alhamisi," akasema. "Njoo uwaambie akina mama mwenyewe."