Mti Aliouchagua Koko

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mdogo wangu Baraka alizaliwa Minneapolis, wa kwanza kwetu kuzaliwa nje ya kambi ya wakimbizi. Kitovu chake kilipokauka na kudondoka, Koko, mama mzazi wa baba, alikifunga kwenye pamba akakizika chini ya mti mkubwa mbele ya nyumba tuliyopanga Richfield. Wenyeji huuita mti huo ash. Koko aliuchagua kwa kuwa ulikuwa wa huku huku, umeizoea theluji.

"Mtoto atashika mizizi," alisema. "Ila mti huu ukikatwa, kitovu kikiwa chini yake, mtoto ataugua."

Wenzangu wa kituo cha basi la shule walimwona akichimba. Mwaka mzima walinitania: "Bibi yenu bado anazika mifupa ya kuku?"

Kiangazi kilichofuata, mfanyakazi wa manispaa aliuzungushia mti ule rangi ya kijani. Akanieleza kwa upole kwamba kuna mdudu anayeula chini ya gome, kwa hiyo utakatwa wiki ijayo.

"Anasemaje, mjukuu?" Koko aliniuliza.

Nilijua nikimwambia kweli angeleta jembe akifukue kitovu mbele ya macho ya wale wa kituo cha basi.

"Anasema mti wetu ni mzuri."

"Ee! Hata Wazungu wameuona," akacheka.

Siku walipoukata, nilimkuta ameketi juu ya kisiki, Baraka mgongoni.

"Ile rangi ilikuwa ya nini?"

"Sijui, Koko."

Baridi ilipoingia, Baraka alibanwa na kifua, akalazwa siku sita. Mama, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, alisema ni pumu tu, watoto wengi wanayo. Koko hakubishana. Alikaa kando ya kitanda akirudia, "Nilimchagulia mti mbaya." Nilisimama mlangoni na koti langu.

Baraka sasa amenipita kwa kimo. Hucheza mpira, dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni. Mimi siamini kwamba kisiki kile ndicho kilichombana kifua. Mdudu alikuwa ndani ya mti kabla hatujafika. Lakini Koko aliishi miaka minne zaidi, na kila Baraka alipokohoa alijilaumu. Katika miaka hiyo yote nilikaa naye meza moja, nikimtafsiria barua za shule, za daktari, za mwenye nyumba. Zote nilizitafsiri sawasawa.