Posa ya Alasiri
Mimi ni mtu wa kukaa ndani, na kumpata Zainabu wa Mabatini ilikuwa bahati ya mtende. Baba yake akaandika: leteni posa Jumapili, alasiri.

"Alasiri ndiyo saa ngapi?" aliuliza mjomba, Msukuma wa Mkolani kama mimi.

Nikamcheka. Si nimefika kidato cha nne? "Ni ile adhana ya kabla ya jua kutoka, mjomba."

Tukatembea gizani, mjomba, shangazi wawili, na kilo mbili za sukari tulizozipangia foleni duka la ushirika. Nikabisha hodi. Mzee akafungua, mswaki mdomoni. Alipotuona tumesimama kimya, mswaki ukamdondoka.

"Nani amekufa?"

Ndani kikapasuka kilio. Majirani wakaja mbio, mmoja tayari anamlilia mama yake. Nikapaza sauti:

"Shikamoo mzee. Hajafa mtu. Tumeleta posa. Si mlisema alasiri?"

Kilio kikakatika. Mzee akatazama nyota, akanitazama mimi. "Alasiri ni saa kumi ya mchana, kijana. Hii ni alfajiri."

Sauti ikatoka ndani, na jamani, ilikuwa ya Zainabu mwenyewe: "Baba, hebu muulize, amekuja kuposa au kuadhini?"