Kopo la Samaki la Clara Duxbury

Clara Duxbury alikuwa na kopo moja la samaki ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Lilikaa rafu ya juu jikoni, nyuma ya birika la wageni. Kila Ijumaa, akishamaliza kusugua kizingiti cha mlango wake kwa jiwe mpaka king'are, alilishusha, akalipangusa vumbi, akalirudisha. Samaki mwekundu wa kopo, kwetu Thornshaw, mji wa viwanda Uingereza, ni chakula cha mgeni wa Jumapili. Clara alilinunua wiki ile ile binti yake Brenda alipoondoka nyumbani, na alikusudia kulifungua siku Brenda atakaporudi.

Brenda aliondoka kwa sababu alishika mimba bila mume. Kijana mwenyewe alikuwa kondakta wa basi, na habari zilipomfikia akatokomea, hata kofia yake ya kazi hakuirudisha. Harold, baba wa msichana, akasema jina la Brenda lisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, akafungua gazeti, basi. Mimi Nora Hindle ni jirani yao, ukuta kwa ukuta, na kuta zetu ni nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kule, mimi huku nasema afya. Ningesikia ugomvi. Lakini nilichosikia miezi yote ile ni kimya, na kimya kile kilinichosha.

Clara hakuwa mwanamke wa kimya hata kidogo. Mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka, tangu usichana wake yupo kiwanda cha pamba akiangalia mitambo ya kufuma. Mle ndani mitambo inapiga makelele hata ukipigiwa tarumbeta sikioni husikii kitu. Kwa hiyo sisi wanawake tunaongea kwa midomo. Unaumba kila neno polepole, unalichezesha na uso mzima, na mwenzako aliye upande wa pili wa ukumbi analisoma kama kwamba umemnong'oneza. Tumeachana na wanaume, tumezika wazazi, tumepeana dawa za kikohozi, yote kwa midomo. Kwa mazoea, hata barabarani tunaongea hivyo hivyo.

Harold alikuwa fundi wa mitambo yetu. Mafundi ndio tunaowatania tangu zamani, kwamba akili zao zimeingia grisi. Kuna yule aliyeambiwa saa ya ukutani imesimama, akaenda kuitafutia kiti. Harold alikuwa akitukanwa hivyo mbele ya macho yake na hastuki, maana alisema mambo ya midomo ni upuuzi wa wanawake, yeye hayajui. Tulimwamini. Clara mwenyewe alimwamini.

Kila Jumamosi Clara alimwambia mumewe anakwenda sokoni mji wa pili. Sokoni alipita mbio akanunua kabichi moja ya ushahidi, kisha akapanda ngazi za duka la chipsi, kwenye chumba alichopanga Brenda. Huko ndiko mjukuu wake Lorna alikozaliwa. Kila Jumatatu nilipata habari zote, yeye kule kwenye mitambo yake na mimi huku kwenye yangu.

Ndipo wakaja watu wa filamu kutoka London. Walisema wanataka maisha ya kweli ya wafanyakazi. Cha kwanza walichofanya ni kumwaga masizi kwenye kizingiti cha Clara, kwa sababu kilikuwa kisafi mno. Clara alitoka na ndoo.

"Bwana, umekosa pa kumwaga uchafu wako?"

"Mama, ni kwa ajili ya picha. Umaskini lazima uonekane."

"Umaskini ninao, baba. Uchafu sina."

Wakapiga picha kizingiti cha mtu mwingine. Siku ya pili wakaingia kiwandani na kamera zao. Mwongozaji, kijana mmoja mwenye shali ndefu, akatukusanya kabla mitambo haijawashwa.

"Akina mama, fanyeni kama hatupo. Ongeeni mnavyoongea siku zote. Sauti hatuchukui, hapa tutaweka muziki."

"Muziki gani?" nikamuuliza.

"Wa huzuni."

"Huzuni ya nani?"

Akageukia kamera yake. Mitambo ikawashwa, na sisi tukaongea tulivyoongea siku zote. Tumeambiwa sauti haichukuliwi, basi nani angehangaika na mdomo wake? Harold alikuwa amejikunja chini ya mtambo na spana yake, ametugeuzia mgongo.

Filamu ilipokamilika ikaletwa kuonyeshwa Thornshaw kwanza. Mji mzima ulijaa kwenye ukumbi wa sinema, tumevaa makoti ya kanisani. Nilikaa upande mmoja wa Clara, Harold upande mwingine, tai imembana shingo. Mbele kabisa walikaa watu wa London.

Ukumbi wa kiwanda ukatokea kwenye pazia, mweusi na mweupe, na tarumbeta zikaanza kulia kwa majonzi. Akaonekana mwenzetu Mabel Crabtree, uso umejaa upole, na midomo yake ikisema waziwazi kuwa meneja wetu ana miguu ya bata na moyo wa nguruwe. Wanawake wote tukaangua kicheko. Wale wa mbele wakageuka, wameduwaa. Walikuwa wameweka huzuni, na sisi tunajifuta machozi ya kucheka.

Kisha uso wa Clara ukajaa pazia zima. Mdomo wake ulikuwa mkubwa kama mlango wa nyumba. Nilimwona akinitazama mimi, kwa sababu siku ile alikuwa akiongea na mimi, na nikakumbuka alichokuwa akisema. Nikamshika mkono.

"Ameota meno mawili," midomo ilisema. "Nilimshika Jumamosi nzima. Ana kidevu cha Harold, Nora, kile kile chenye shimo. Harold angemwona mara moja tu, moyo ungemlainika."

Kicheko kilikatika ukumbi mzima. Wanawake walikuwa wakigeuza shingo kidogo kidogo kumtazama Harold. Clara alitazama mapaja yake tu. Miezi yote alikuwa anangoja saa nzuri ya kumwambia, na sasa amemwambia mbele ya mji mzima, na Harold akiona kwamba amedharauliwa hadharani, huyu mtu mlango wake hataufungua kamwe. Nilimwonea huruma.

Harold hakusogea. Filamu ilipoisha akavaa kofia, akampa Clara mkono washuke ngazi, wakaenda nyumbani. Nilitega sikio ukutani bila aibu. Kimya.

"Hajui kusoma midomo," Clara aliniambia Jumatatu tukiingia kazini. Alikuwa amevimba macho. "Mungu amenisaidia, shoga. Hajui."

Mitambo ikawashwa. Baada ya muda nikaona wanawake wa upande wa dirishani wameinua vichwa. Harold alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, spana mkononi, masikio yamemwiva, anamtazama mkewe. Akafungua mdomo. Hakuwa hodari, anaumba maneno kama mtu anayetafuna mpira, lakini hakuna aliyeshindwa kumsoma.

"Anaitwa nani?"

Clara alishika ukingo wa mtambo. "Lorna," akasema kwa midomo.

Harold akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepima jina hilo. Kisha akasema tena, mbele yetu sote.

"Jumapili. Lile kopo la samaki. Lifungue."

Clara, ambaye hakuwahi kuacha uzi umwishie mtamboni tangu usichana wake, aliacha ukaisha. Na wangu ukaisha. Mabel alikuwa analia waziwazi, na jora lake likaharibika. Fundi ndiye aliyepaswa kutukaripia, lakini fundi alikuwa amerudi chini ya mtambo, na hakutoka huko mpaka saa ya chai.

Jumapili nilimwona Brenda akipita na mtoto kifuani, akasita kwenye kizingiti kile cheupe, akavua viatu kabla ya kukikanyaga. Mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye kiti changu karibu na ukuta. Nikasikia kijiko kwenye kikombe. Nikamsikia Clara akisema mkate upo, siagi ipo, kula mwanangu. Kisha kimya, kile kile cha miezi yote, na mimi nikaanza kukasirika na Harold upya.

Halafu nikasikia sauti ya Brenda, imejaa machozi na kicheko.

"Baba, sema kwa sauti. Huyu hajajua kusoma midomo."

Kisha Harold akasema, "Nisameheni," na safari hii nilisikia kila herufi kupitia ukutani.